Mama Mdogo Aliyeficha Kicheko

Kicheko chake, jamani, kilikuwa kicheko! Kilianzia tumboni kwa mgurumo, kikapanda kifuani, kikifika kooni kinakatika vipande vipande, hi-hi-hiii, halafu kinamalizikia kwenye mlio mwembamba wa kukwaruza, kama mlango wa stoo usiotiwa mafuta. Alizaliwa nacho. Mama yake alimkanya tangu utotoni: "Wewe, mtoto wa kike hacheki hivyo, utakosa mume!" Hakukosa, na ndiyo sababu ya hadithi hii.

Alikwenda kituo cha redio kuomba kazi ya kusoma matangazo ya vifo. Akiwa kwenye foleni, mtu mmoja akatoa utani, naye akaangua kicheko. Mlango wa studio ukafunguliwa, mtayarishaji wa hadithi za watoto akatoka mbio huku waya wa vipokea sauti ukiburuzika nyuma yake. "Nani huyo? Nani amecheka? Nimempata mchawi wangu!"

Kuanzia siku hiyo akawa kila mwanamke mbaya hewani: mama wa kambo, mchawi, malkia mwenye kijicho, zimwi jike. Watoto wakamwita Kikongwe, na wafanyakazi wenzake nao wakalidaka jina, ingawa kichwani hakuwa na hata mvi moja. Mwanamke mwema aliigizwa na msichana mwenye sauti ya asali, na kazi yake ilikuwa rahisi mno: analia, analala usingizi, anaolewa. Kikongwe ndiye aliyesafiri, ndiye aliyejua dawa, ndiye aliyekuwa na mipango. Na ni yeye peke yake aliyecheka.

"Mbona kila mwanamke mwenye akili humu ndani unamwua mwishoni?" alimwuliza mtayarishaji.

"Watoto wanapenda," akajibiwa. Na kweli walipenda, tena kupindukia! Mtaani akina mama walitishia watoto wagumu wa kula: "Meza hicho, au namwita Kikongwe acheke."

Halafu friji ya kituo ikaharibika. Akaitwa fundi, mjane mwenye binti mdogo. Fundi akiwa amelala chali na bisibisi mkononi, akakisikia kile kicheko kikipenya ukutani. Akainuka, akajigonga kichwa, akauliza anayecheka ni nani na kama ameolewa. Friji ile aliitengeneza akarudi kuitengeneza, akarudi tena, mpaka wapishi wa chai wakaanza kunong'ona. Mwishowe wakaoana.

Sasa ndipo mambo yalipoharibika. Binti wa fundi hakukosa kipindi hata kimoja, na Kikongwe alipocheka redioni, mtoto alijitupa chini ya meza, masikio ameyaziba, anatetemeka. Bibi harusi aliyaona hayo kwa macho yake kabla ya ndoa, mara ya kwanza alipokwenda kutembelea nyumba ile. Akamwambia fundi palepale: "Asijue kabisa kwamba Kikongwe ni mimi. Kwenye nyumba hii mimi sicheki."

Na hakucheka! Kicheko alikitia kufuli. Utani ukitolewa, aliuma midomo. Aliongea polepole, kwa sauti ya asali aliyoiiba kwa yule msichana wa studio. Alitaka jambo moja tu duniani, huyu mtoto ampende, na alidhani hivyo ndivyo mama mwema alivyo: kimya kama maji ya mtungini. Wapi! Mtoto alimkalia mbali. Hakumwita mama wala shangazi. Akitaka kitu mezani alisema, "Baba, mwambie anipe chumvi." Na kila mlo, kijiko cha kwanza kilikwenda chini ya meza, kwa paka wake.

"Mwanao anampenda paka kweli," alisema mama mdogo, akijikaza asione wivu.

Jumamosi moja redio ikarudia kipindi cha zamani. Mtoto alikuwa mkekani na paka wake, mama mdogo jikoni anakoroga supu. Ndani ya redio mama wa kambo akampakulia binti uji. Binti, mjanja huyo, akamwonjesha paka kwanza. Pu! Paka akaanguka chini. Hapo mtoto akageuka, akaitazama sufuria ya supu, akamkumbatia paka wake kwa nguvu.

Mwiko ukamdondoka mama mdogo. Kumbe! Kumbe siku zote alikuwa anapimwa sumu! Na sumu yenyewe aliipika mwenyewe, hewani, akalipwa mshahara. Akamvuta fundi jikoni.

"Chakula changu kinaonjwa na paka! Mwanao anadhani nitamwua!"

Fundi akajikuna kisogo. "Nilikuwa sijui nikwambie vipi. Ameomba shule zikifungwa nimpeleke kwa bibi yake. Akae huko moja kwa moja. Begi ameshalifunga."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema tutaona. Lakini mke wangu, cheka basi! Mimi nilioa kicheko, nikaletewa kimya."

"Nikicheka si ataondoka leo leo?" Machozi yakamlenga. Akayafuta kwa pindo la kanga, akatenga sahani.

Paka akasikia sahani. Kila mara aliingia kwa dirisha la jikoni, katikati ya nondo, na sasa alikuwa amezungukia uani. Akaruka, akapenyeza kichwa, akapenyeza mabega, halafu tumbo. Lo! Tumbo lile, lililolishwa vijiko vya kwanza asubuhi, mchana na jioni, likagoma. Nusu paka ndani, nusu paka nje, uso umetulia kama wa mheshimiwa anayesubiri kukaribishwa kiti cha mbele.

"Amekwama!" mtoto akapiga yowe. "Baba, amekwama!"

Fundi akamvuta mbele, wapi. Akamsukuma nyuma, wapi. Akachukua mafuta ya kupikia, akampaka mbavu zote kama anayelainisha bawaba, akavuta. Paka akachomoka kama sabuni, akapita juu ya bega la fundi, akatua ndani ya beseni la nguo zilizosuuzwa, akaibuka na soksi ya fundi kichwani.

Ah! Nani angeweza? Kufuli likavunjika. Mgurumo ukapanda, ukakatika vipande, hi-hi-hiii, ule mlio wa mlango ukakwaruza hadi kwa majirani. Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Alipokumbuka, akafunika mdomo. Mtoto hayupo. Yuko chini ya meza.

Sauti ndogo ikatoka huko chini: "Ni wewe?"

"Ni mimi." Akapiga magoti. "Kicheko ni changu mwenyewe, mwanangu. Kule redioni wanakiazima tu."

"Na sumu?"

"Maji ya bomba."

"Na yule paka aliyeanguka pu?"

"Kimfuko cha mchanga. Nilikiangusha mimi. Hakukuwa na paka."

Mtoto akamtazama paka wake mnene, anayenuka mafuta. Akafikiri sana. "Sasa kwa nini nyumbani hucheki?"

"Niliogopa utaniogopa."

"Mimi nilikuwa nakuogopa kwa sababu hucheki," mtoto akasema, tena kwa hasira. "Nilijua umenuna. Nilijua hunitaki."

Mama mdogo akafungua mikono, na mtoto akatambaa akaingia humo, akajibanza. Kisha akainua uso. "Cheka tena. Ile sauti ya mwisho ya kukwaruza. Nifundishe!"

Supu ilipoa wakicheka, mmoja kwa sauti nene, mwingine kwa sauti ya kitoto ya kukwaruza, fundi akipiga meza kwa furaha. Hatimaye wakaketi kula. Mtoto akachota kijiko cha kwanza. Chini ya meza paka alishakaa mkao wa kula, masharubu yanametameta mafuta. Kijiko kikampita, kikaenda kinywani mwa mtoto. Akameza.

Mtoto akalamba midomo, akakunja uso kidogo, akanyoosha mkono.

"Mama mdogo," akasema, "nipe chumvi."