Siku Niliyomwacha Mama Anjela kwenye Ukungu

Jambo hili nimelificha kwa watu wengi, ila wale waliokuwepo Lukozi siku ile najua hawajalificha hata kidogo, kwa hiyo bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe, na kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda milima yetu ya Usambara kwa baiskeli. Safari ni ya siku tatu: ya kwanza Mombo kupanda mpaka Lushoto, ya pili Lushoto mpaka Mtae, ya tatu kurudi, na hakuna siku rahisi kati ya hizo. Lakini hilo neno "kuongoza" ni la kwangu mimi nikiwa najitapa. Kiongozi alikuwa kaka Shedrack, anayekaa mbele. Mimi nilikuwa mfunga msafara, yaani nakaa nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, na sheria yangu ilikuwa moja tu: usimpite mgeni yeyote. Moja! Hata mtoto wa chekechea angeikumbuka.

Wageni walikuwa sita, na wa mwisho siku zote alikuwa Mama Anjela, mwalimu mstaafu kutoka Dodoma, mwenye kisukari, ambaye wanawe walimkataza safari hii naye akawajibu kwamba magoti ni yake. Asubuhi ya siku ya pili nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi kipochi chenye glukosi na biskuti.

"Sukari yangu ikishuka sina muda, binti yangu. Usikae mbali nami."

"Mama, ondoa shaka," nikasema, nikakitia kipochi kwenye begi langu la mgongoni.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Lukozi, mji mdogo njiani kwenda Mtae, anaishi shangazi yangu, dada yake baba, anauza karoti na kabichi pale sokoni na anaimba kwaya ya kanisani. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia siku hiyo napita na wageni, mimi ndiye kiongozi wa msafara (ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu), naye akaniambia atasimama barabarani na wanakwaya wenzake wanipokee. Basi tangu tulipoiacha Malindi, ile ya huku huku milimani, mimi sikuwaza mlima wala ukungu uliokuwa unatushukia, nilikuwa nawaza jinsi nitakavyotokea pale nusu saa nyuma ya wenzangu wote, nimebana breki kama naswaga mbuzi.

Mbele kidogo Mama Anjela akasimama, akashuka kwenye baiskeli. "Tangulia hapo kwenye kona, nijisitiri kidogo." Nikasogea mpaka kwenye kona kumpa nafasi, na hapo hakuna kosa. Kosa ni kwamba baada ya kona ile barabara inateremka kuelekea Lukozi, na nikawaona wenzangu pale chini, karibu kabisa, na baiskeli yenyewe ikawa kama inanivuta. Nikajiambia dakika tano tu, nionekane, nipige picha, nirudi.

Nikaachia breki.

Niliwafikia wanaingia sokoni, na kweli shangazi alikuwepo na akina mama kama kumi, vigelegele vikapigwa, mmoja akanitupia kanga mabegani (nadhani pia kunisitiri, maana ile kaptula ya kubana ilikuwa imewashtua), nami natabasamu tu. Ndipo Shedrack akageuka, akahesabu wageni kwa kidole, akanitazama.

"Mama Anjela yuko wapi?"

Akina mama wote wakageuka. Shangazi ananiangalia.

"Anakuja. Yuko hapo kona, namwona."

Simwoni! Kona yenyewe haionekani, ukungu umefunga kila kitu. Lakini nilishasema, na kila dakika iliyopita ilizidisha ugumu wa kusema vingine. Dakika tano zikapita, zikawa kumi na tano. Shedrack akapiga simu ya Mama Anjela, haipatikani. Nikavuta mkanda wa begi langu mgongoni, nikakumbuka kipochi.

Sikuaga. Nilipanda mlima ule huku nalia, naita "Mama! Mama Anjela!" na ukungu haurudishi kitu. Nilipofika mahali nilipomwacha nikakuta baiskeli yake imelala kando ya barabara, kofia ngumu pembeni, yeye hayupo. Na kando ya barabara ile kuna mteremko wa kwenda bondeni ambao mwisho wake sikuuona.

Nilipiga ukelele. Bodaboda mmoja alikuwa anapita na magunia ya viazi, akasimama, nikamwambia mgeni ameanguka, naye hakuuliza mara mbili, aligeuza akarudi Lukozi. Baada ya muda mfupi nikasikia kipaza sauti cha msikiti kinatangaza kwamba kuna mama mgeni amepotea njia ya Malindi, wenye nguvu wajitokeze. Wakajitokeza. Wakulima na majembe yao, bodaboda, shangazi na wanakwaya wenzake na sare zao, Shedrack mbele yao, hataki hata kunitazama. Tukaanza kushuka bondeni tumeshikana mikono, mimi najiuliza nitawaambia nini wanawe.

Ikasikika sauti ya bibi mmoja kutoka nyumba iliyo chini ya barabara, anatukemea kwa Kishambaa kwamba tunamwamshia mgonjwa. Tukakimbilia huko. Mama Anjela alikuwa amelala karibu na jiko, amefunikwa blanketi, kikombe cha chai kando yake. Bibi alimwona anayumba barabarani kama mlevi, akamkokota hadi ndani, akamnywesha chai yenye sukari nyingi bila hata kujua anaumwa nini.

Mama Anjela alifumbua macho, akanitafuta katikati ya umati ule.

"Nilikuita," akasema taratibu. "Nikadhani upo hapo kona."

Shangazi akanivua kanga mabegani akaenda kumfunika Mama Anjela miguu.

Zahanati walimpima, wakasema sukari imekaa sawa lakini asiendeshe siku hiyo. Shedrack aliniondoa kwenye baiskeli akanipandisha na mimi gari linalobeba mizigo ya wageni, kwa hiyo tulikwenda Mtae tumekaa pamoja, mimi na Mama Anjela, na mabegi. Nilimsimulia yote, mpaka uongo niliomwambia Shedrack, nikaomba msamaha nikashindwa kuumaliza kwa kwikwi.

"Kuniacha ni ujana," akasema Mama Anjela. "Lakini mwenzako alipokuuliza, ungesema tu hunioni, wangenifikia kabla sijazidiwa."

Bado nafanya kazi ile, bado nakaa nyuma. Mgeni akisimama kufunga kamba ya kiatu, nasimama. Na Shedrack akiniuliza fulani yuko wapi nami sijui, najibu sijui, hata mji mzima uwe umesimama unanisikiliza.