Magunia mawili nyuma ya karavani

Saa kumi na mbili kamili asubuhi mkanda unaanza kutembea, na viazi vinaanza kubingirika mbele ya Hilligje Boelens. Mikono yake haina papara. Chenye kidonda kinakwenda kushoto, kilichokatwa na mashine kinakwenda kulia, chenye rangi ya kijani kinatupwa kwenye ndoo iliyo miguuni. Ghala ni baridi, kwa kuwa viazi havitaki joto, na vumbi la udongo mweusi limetua hadi kwenye nyusi za wanawake sita waliojipanga pale.

Hilligje ana miaka hamsini na tisa. Amesimama kwenye mkanda huu, nje kidogo ya kijiji cha Valthermond, kaskazini mwa Uholanzi, kwa miaka ishirini na saba. Mshahara wake unazidi kidogo euro elfu moja na mia tisa kwa mwezi, na kila Ijumaa huruhusiwa kwenda nyumbani na gunia la viazi vyenye kasoro.

"Tangu nianze kazi hapa sijanunua kiazi hata kimoja," anasema bila kuinua macho.

Mwaka huu ni mzito kwake. Mumewe, Egbert, aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka thelathini na moja, alipatwa na kiharusi majira ya baridi ya mwaka juzi. Upande wake wa kulia ulilegea na maneno yakapotea. Anaelewa kila anachoambiwa, lakini kinywani limebaki neno moja tu, "ndiyo", ambalo hulitumia kwa kila jambo, hata anapokataa. Bado anatembea kwa fimbo, ila ameanguka mara nne tangu Krismasi, na mgongo wa Hilligje hauwezi tena kumnyanyua. Mwezi Septemba atahamia nyumba ya kutunzia wagonjwa mjini Emmen. Chumba kimeshapatikana.

Kabla ya Septemba kuna ahadi moja.

Miaka yote hiyo Egbert alikuwa akipeleka wanga wa viazi kusini mwa Ujerumani. Kila wiki alivuka daraja refu lililo juu ya bonde la mto Mosel, na kila wiki aliona chini kabisa, ukingoni, kiwanja cha nyasi chenye karavani nyeupe na watu wameketi vitini wakiutazama mto. Hakusimama hata mara moja, maana mzigo ulikuwa ukisubiriwa. Akirudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba wakistaafu watanunua karavani yao, nyumba ndogo ya magurudumu, waivute hadi pale, nao wakae.

"Nilikuwa namjibu, haya baba, wewe utaendesha, mimi nitamenya viazi," anasema Hilligje. Anacheka kidogo. "Sikujua kwamba vyote viwili vitakuwa vyangu."

Februari alikwenda kutafuta karavani, akifuatana na jirani yake, Jans Meinders, mkulima mstaafu wa miaka sabini na minne aliyevuta karavani majira ya joto thelathini. Jans alimpa masharti njiani. Asisifu kitu chochote. Anuse makabati kabla hajatazama mapazia. Abonyeze kuta kwa kidole gumba kwenye kila pembe, na akikuta mahali palipooza panapobonyea, atoke nje na kusema asante.

Karavani mbili za kwanza zilinuka kama viatu vilivyosahauliwa mvuani. Ya tatu ilikuwa mjini Stadskanaal, kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, Luuk Tebbens. Aliwamiminia kahawa, akawapa biskuti moja moja, akalifunga kopo. Karavani yake ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, urefu wa mita nne, na kuta ngumu kila pembe. Ndani ya kabati ilikuwa imening'inia aproni ya kike yenye maua. Tebbens aliitoa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

Baada ya hapo Hilligje hakuweza kuomba kupunguziwa bei. Alilipa euro elfu mbili na mia saba na hamsini, vile vile kama alivyotajiwa.

"Umelipa hela ya aproni, jirani," Jans alimwambia njiani, na tangu siku hiyo hajaacha kumkumbusha.

Kujifunza kuivuta kulikuwa kila Jumapili baada ya ibada, katika uwanja wa ghala, wakati malori hayapo. Kwenda mbele si kazi. Kazi ni kurudi nyuma, kwa sababu usukani unauzungusha upande usioutaka ili karavani iende unakotaka, na mikono iliyozoea gari lisilovuta kitu haikubali. Jans alipanga makreti ya viazi kama lango, akaketi kando na chupa yake ya kahawa. Jumapili ya kwanza Hilligje alivunja makreti saba.

"Lango liko hapa, bibie," Jans alimwambia. "Wewe unakwenda Denmark."

Egbert alikaa ndani ya gari, kiti cha pembeni. Mtu aliyeweza kurudisha lori la mita kumi na sita katikati ya kuta mbili bila kugusa hata moja alitazama kila kosa, midomo ikitikisika, na mwishowe alifumba macho. Hilligje alidhani anaona aibu kwa ajili yake. Alirudi nyumbani akalia jikoni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa ili asisikiwe.

Jumapili ya sita alipita langoni bila kugusa kreti. Ndipo akapanga safari ya majaribio, kilomita sitini tu, hadi kiwanja cha karavani kando ya ziwa.

Ijumaa jioni alipakia. Kama alivyofanya mama yake, na kama wafanyavyo majirani zake wote, hakukusudia kununua ugenini kitu alicho nacho nyumbani. Alichukua kahawa, siagi ya karanga, mitungi ya maharage, na magunia mawili ya viazi, kilo ishirini na tano kila moja. Vyote alivisukuma chini ya kitanda, nyuma kabisa, ambako havingemsumbua mtu kupita.

Asubuhi Egbert hakutaka kuingia garini.

Alikwenda kwa fimbo hadi nyuma ya karavani, akaugonga ukuta, akatikisa kichwa. "Ndiyo," alisema. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. "Ndiyo. Ndiyo." Hilligje alimshika mkono, akamrudisha mlangoni mwa gari. Egbert akageuka, akaenda kugonga palepale.

"Nilidhani hataki kwenda," anasema Hilligje. "Nilidhani ameona mimi siyo dereva, na hataki kupelekwa na mtu kama mimi. Nikamwambia neno ambalo sitalisahau. Nikamwambia, kama hutaki, basi sema."

Egbert aliacha kugonga. Kisha akaingia garini mwenyewe, taratibu, akafunga mkanda kwa mkono mmoja.

Katika barabara kuu walikwenda vizuri kwa dakika kumi na tano. Kisha lori likawapita. Upepo wake uliisukuma karavani kidogo, nayo badala ya kutulia ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka gari lenyewe likaanza kuvutwa nyuma kama linashikwa na mtu. Katika vioo vya pembeni Hilligje aliiona ikitokea upande huu, kisha upande ule. Alitaka kuongeza mwendo aikimbie.

Ndipo mkono wa kushoto wa Egbert, ule mzima, ulipoikamata suruali ya Hilligje kwenye goti na kuuinua mguu juu, mbali na mafuta, mbali na breki. Akaushikilia hapo hapo. Macho yake yalikuwa mbele.

"Nilishika usukani tu, sikufanya kingine. Yeye ndiye aliyeendesha," anasema Hilligje. Mwendo ulipungua wenyewe, karavani ikatikisika mara mbili tatu, ikatulia. Wakaegesha pembeni. Alizima gari. Alijiambia kwamba wakifika nyumbani ataiuza.

Egbert alikuwa ameshashuka. Alitembea kando ya karavani, mkono ukutani, hadi nyuma, akainua fimbo na kugonga mahali palepale alipogonga asubuhi.

Hilligje alifungua kabati la chini ya kitanda, akayaona magunia yake.

Mzigo ukikaa mkiani, pua ya karavani, pale inapoungana na gari, huwa nyepesi, na gari halina tena kitu cha kuishikilia. Dereva wa lori hujua hilo kabla hajajua kunyoa. Hilligje aliyaburuta magunia hadi katikati, juu ya magurudumu, kisha akakaa kwenye ngazi na kumwomba mumewe msamaha. Naye akajibu kwa neno lake moja.

Jans alipohadithiwa hakucheka sana. Alileta mizani ya bafuni, akaiweka chini ya pua ya karavani juu ya kipande cha ubao, akamwonyesha jinsi ya kupima. "Viazi vimekulisha miaka ishirini na saba, jirani," alisema. "Vilikuwa vinakuja kudai."

Tangu siku hiyo wamekwenda ziwani mara tatu, na kila mara huanza kwa namna moja. Egbert anaizunguka karavani kwa fimbo, anagonga magurudumu, anagonga kuta, anasimama mbele ya ndoano inayoiunganisha na gari. Asipotosheka, Hilligje anafungua kabati baada ya kabati huku yeye akiashiria, hata kama itachukua saa nzima. Gari haliwashwi mpaka aingie, afunge mkanda, na aseme "ndiyo". Hilligje anasema sasa anaweza kuzitofautisha ndiyo zake, karibu zote.

Wataondoka kwenda Mosel tarehe kumi Mei. Ni mwendo wa kilomita mia nne hivi, nao wataugawa siku mbili. Viazi vitakuwa kilo tano, chini ya meza. Ghala limempa likizo ya wiki tatu, na wenzake wa mkandani wamechanga wakanunua viti viwili vya kukunja, kimoja chenye mikono imara ya kujishikilia wakati wa kuinuka.

Kengele ya mapumziko inalia, mkanda unasimama. Hilligje anavua glavu na kujipangusa nyusi.

"Miaka thelathini na moja amekuwa kule juu darajani akiwatazama watu waliokaa," anasema. "Nataka akae yeye, kahawa mkononi, ayatazame malori yakipita juu. Akichoka tutarudi. Lakini mpaka aseme mwenyewe."