Kila Daktari Anapiga Picha Tumbo la Mwanangu, Hakuna Anayelifunga

Admin, naomba ufiche jina langu, mtaa wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Nina miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili. Vita vilitutoa kwetu Kiwanja, tukaishi kambini Kanyaruchinya, sasa tumepanga chumba mjini, mtaa wa Katoyi.

Kifungua mimba wangu alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Daktari wa upasuaji wa watoto alimtoboa tundu tumboni la kutolea choo, baadaye akamtengenezea njia ya kawaida. Ilibaki kufunga tundu tu. Vita vikasogea, daktari akaondoka. Tangu hapo hospitali inaletewa madaktari wa kushika nafasi yake kwa wiki chache, wale tunaowaita ramplasa.

Jamani, nimewachoka mpaka kichefuchefu! Anakuja mmoja, anafunua kitambaa, anakunja pua, anatoa simu, anapiga picha. "Mama, huyu ni mugonjwa wa docta wa mbele, ule aliondoka. Mwenye alianza ndiye anamalizaka. Miye niko ramplasa tu." Anakuja mwingine, picha tena, maneno yaleyale. Eti ni heshima ya kazi yao, kutogusa alichoanza mwenzao. Heshima gani hiyo, na mwanangu amefika umri wa shule, watoto wanamkimbia kwa harufu? Mmoja alimwita mwenzake, "Kuya uone, hii iko muzuri!" Nilitamani kumtemea mate.

Juzi kaja mwingine. Huyu hakutoa simu. Alimpima taratibu, akasema njia imepona vizuri, Jumatatu atafunga tundu. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini muuguzi akanivuta pembeni: "Mama, anajua kazi. Lakini Alhamisi anavuka mupaka, harudiake tena. Kama kidonda kinafunguka, hakuna mwenye atakigusa."

Mume wangu kasikia, kawaka. "Bora abakie vile, kuliko afie mu mikono ya mupita-njia."

Leo kanisani padri alipita karibu yetu na kanzu yake nyeupe. Mwanangu akapandisha shati mwenyewe, akasimama wima, akisubiri kupigwa picha. Watu wakacheka. Mimi nililia mpaka misa ikaisha.

Jumatatu ndiyo kesho. Ninyi mliolea, niambieni ukweli: nimkabidhi kwa huyu anayeondoka, au niendelee kumsubiri mwenye alianza?