Mkunjo wa Wamakabayo

Fundi wa kujalidi vitabu alipenda kujigamba kwamba hakuna mtu aliyeiona Biblia uchi kama yeye. Wengine huifungua, yeye huifungua mpaka uzi. Hukata mishono, hutandaza mikunjo ya kurasa juu ya meza, kisha huanza upya: uzi uliopakwa nta, sindano, gundi, siku mbili chini ya ubao wenye mawe. Miaka thelathini na moja ya kazi hiyo ilikuwa imempa mgongo uliopinda na uhakika wa mambo mengi, mojawapo likiwa hili: toharani, mahali pa kutakasiwa marehemu, haimo humo.

"Zote zimepita mikononi mwangu, dada. Kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo. Neno hilo halimo."

"Na neno Utatu limo?" aliuliza dada yake, mkunga mstaafu ambaye bado alizungumza na watu wazima kama wanaochelewa kuzaliwa. "Nionyeshe."

"Neno halimo, lakini maana imo."

"Aa! Kumbe maana inatosha. Haya, endelea."

Walibishana hivyo tangu fundi alipoliacha kanisa la wazazi wao na kulifuata la mkewe. Ulikuwa ubishi wa kunywea chai, haukumkosesha mtu usingizi. Lakini sasa mama yao alikuwa amefariki, mwaka ulikuwa unatimia, na dada alikuwa ameomba misa ya kumwombea Jumapili ile. Alileta Biblia ya mama iliyoachia mgongo, apate kusomea humo. Akataka na jambo la pili: fundi akae naye benchi la mbele.

"Nije nimwombee atoke wapi?" fundi alisema. "Yule mwizi msalabani aliahidiwa peponi siku ileile. Hakuambiwa apange foleni."

"Yule alikuwa ameshasulubiwa, mdogo wangu. Ulitaka apewe toharani gani tena?"

Fundi alicheka bila kupenda. Dada akaona mwanya. "Na Paulo je, anapowaambia Wakorintho kwamba kazi ya mtu itapimwa kwa moto, na mwenyewe ataokoka kama aliyeponea motoni?"

"Inayoungua ni kazi. Si mtu."

"Mama na ulimi wake, wewe ungewatenganishaje?"

Fundi alivuta kisu, akaanza kukata mishono ya kitabu cha mama. Mama yao alikuwa mtu wa sala, lakini alikuwa amenuniana na jirani miaka kumi na tisa kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Jibu lilimjia kesho yake, akiwa anashona. Mezani kulikuwa na Biblia mbili zilizofumuliwa, ya mama na ya mchungaji wake, zenye kurasa za ukubwa mmoja. Alishona huku akimjibu dada yake kichwani, jibu baada ya jibu, yote makali, na kila mara dada wa kichwani alinyamaza kwa heshima. Ilikuwa asubuhi tamu sana.

Jumamosi mchana dada, aliyekuwa amekuja kuichukua Biblia ya mama asubuhi, alirudi nayo kwapani, hata hodi hakupiga.

"Umenyofoa!"

"Nimenyofoa nini?"

"Wamakabayo! Pale Yuda jemadari anapowaombea askari wake waliokufa. Ubishi umekushinda, ukachukua kisu. Kwenye kitabu cha mama!"

Fundi alihesabu mikunjo. Mmoja ulikosekana. Akaangalia pembe ya meza, mahali palipokuwa na Biblia ya mchungaji, ambayo mwenyewe alikuwa ameichukua tangu jana, akatoka mbio.

Alimkuta mchungaji barazani kwake akipiga viatu rangi.

"Fundi," mchungaji alisema kabla ya salamu, "nilikupa Biblia yenye vitabu sitini na sita. Imerudi na mimba."

"Nisamehe, mchungaji. Ni mkunjo wa Biblia ya mama, niliushona kwako."

"Nimeusoma. Sisi hatukihesabu kitabu hicho, na sitakihubiri." Aliangalia kiatu kwa jua. "Lakini yule jemadari aliwapenda watu wake. Angalia pembeni, kuna mwandiko."

Fundi aliukata mshono palepale barazani. Kando ya maneno ya kuwaombea wafu, kwa penseli, mama alikuwa ameandika majina: wazazi wake, mumewe, mtoto aliyefia tumboni. La mwisho, kwa mwandiko wa uzeeni, lilikuwa jina la jirani wa kamba ya nguo.

Aliporudi, dada alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, amenuna. Fundi aliufungua mkunjo. Alimwonyesha jina lile, dada akalisoma mara mbili, midomo ikimcheza.

"Huyu? Mama alimwombea huyu?"

"Tena kwa siri. Angetuambia tungemcheka."

Alipaka uzi nta, akaanza kuushona mkunjo mahali pake, polepole, mara hii bila kubishana na mtu kichwani. Dada alimshikia kurasa zisiteleze.

"Vitabu wasivyovitaka hawaniletei," fundi alisema, kama anayejisemea. "Huvifungia vitumbua. Hapa huletwa vile watu wanavyovipenda."

"Hebu rudia hiyo. Umeieleza toharani yenyewe."

"Sirudii. Na sijakubali kitu. Haimo." Alikaza fundo, akakata uzi kwa meno. "Kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu," dada alisema. "Na usichelewe. Kuna mtu anasubiri foleni."