Maji Yaliyolala Bombani

Kijaluba cha tambuu alichoniachia Bibi Somoe, mama wa baba yangu, hakina tambuu siku hizi, lakini harufu yake haijatoka: chokaa, karafuu na tumbaku kavu. Chini kabisa, kimefungwa kitambaa, kuna kipande cha bomba kifupi kama kidole gumba, rangi yake ya mawingu ya masika. Ni risasi. Si ya bunduki, ni ile laini ambayo wavuvi huiyeyusha na kuitia nyavuni ili zizame. Ukiikwaruza kwa ukucha inakubali, na ukiiweka kiganjani utashangaa kitu kidogo namna ile kinavyovuta mkono. Wajukuu zangu wakikichezea huwanyang'anya na kuwatuma wakanawe mikono kwa sabuni. Wananiona bibi mkorofi. Na wanione hivyo. Kila nikikishika, hasira hunipanda upya, na sijawahi kuitafutia dawa.

Mtaa wetu ulikuwa pwani ya Kilwa, chini ya kilima, enzi za Mwingereza. Jina lake naliweka moyoni. Wanaume wengi walikuwa wavuvi, baba yangu mmojawapo, na wengine walikata mkonge katika shamba la mzungu tuliyemwita Meneja tu, maana jina lake lilitushinda kulitamka. Meneja alikaa juu kilimani, katika nyumba ya mawe iliyojengwa tangu wakati wa Mdachi, na jirani na nyumba ile palikuwa na chemchemi. Kisima chetu cha mtaani kilikuwa na maji ya chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa tuliyafuata kilimani, wanawake na watoto, mitungi kichwani, na njia yetu ilipita nyuma ya jiko la Meneja. Kelele tulipiga, sikatai. Wanawake wa kwetu wakienda kuteka maji hawaendi kimya kama wanaokwenda mazikoni.

Bibi alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa mama yake, ya maji yaliyolala. Usiku watu hawateki, matope yanatuama, na anayefika alfajiri kabla hajasemezana na mtu anapata maji meupe, ya baridi, ambayo hayajaguswa. Maji hayo hayakuwa ya kila mtu. Yalikuwa ya mgonjwa, na ya kuoshea kombe, ile sahani ambayo shehe ameiandika aya kwa zafarani ili mgonjwa anywe. Zaidi ya wote, yalikuwa ya mwenye mimba. Kwa chemchemi, desturi hiyo ilikuwa na akili kabisa. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu nimeshakutana na watu waliosoma wakaniambia bibi yangu alikuwa mjinga, na mmoja wao nilimtoa nyumbani kwangu chai yake ikiwa nusu.

Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele siku tulipoletewa zawadi. Vibarua wa shamba walichimba mtaro kutoka kilimani hadi karibu na msikiti wetu, wakalaza bomba, wakasimamisha koki juu ya kijiguzo cha saruji. Baba alilitazama lile bomba jinsi walivyolikunja kwa mikono tu, akacheka. "Hii si risasi hii? Wangetupa sisi tukatia nyavuni!" Wavuvi wenzake wakacheka naye. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo, kwa kuwa risasi kwetu ilikuwa kitu kizuri, kitu cha kugombewa.

Meneja mwenyewe alishuka kulifungua bomba. Alivaa kofia ngumu na soksi zilizofika magotini, na sisi watoto tulipangwa mbele tupige makofi. Alifungua koki, maji yakakohoa, yakatoka. Akajaza bilauri, akaiinua juu tuione inavyong'aa, akatabasamu. Kisha akatazama kundi la wanawake, akamnyooshea kidole mama yangu, ambaye mimba yake ilikuwa imeshatokeza mbele ya kanga, na mkalimani akasema mtoto huyo atakuwa wa kwanza mtaani kukuzwa kwa maji ya bomba. Akampa mama bilauri. Mama alipiga goti kidogo, akanywa yote. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilimwonea mama fahari siku ile kuliko siku yoyote.

Wiki ileile chemchemi ilizungushiwa waya wa miiba. Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yenyewe, kama mnavyoona: tusipite tena nyuma ya jiko lake. Lakini sisi hatukununa. Maji yalikuwa matamu, na kilima hakikutuchosha tena.

Bibi aliihamishia desturi yake bombani. Kabla ya adhana ya alfajiri alijitanda kanga, akatoka na kijungu chake, akafika kabla ya mtu yeyote. Maji yaliyolala bombani usiku kucha ndiyo aliyoyakinga, yale ya mwanzo kabisa. Akimwona mtu njiani hamwitikii hata salamu mpaka ayafikishe. Huyafunika kwa kawa, akaja kumwamsha mama kwa sauti ya chini, "Kunywa, mwanangu, bado ya baridi." Hakuwahi kumwita mkwe. Mama alitoka Miteja, kwa wakulima, na mashangazi zangu hawakumpenda sana, lakini Bibi alimpenda kuliko binti zake, na upendo wake wote aliutia katika kile kijungu.

Mtoto yule wa kwanza wa maji ya bomba alizaliwa amekufa.

Mama akawa mtu wa kujishika tumbo. Alipauka midomo, choo kikawa shida kwake, viungo vikamuuma kama kikongwe. Kadiri alivyodhoofika, Bibi alizidisha maji ya alfajiri na kuleta kombe juu yake, nalo likaoshwa kwa maji yaleyale. Mimba ya pili ikaharibika changa. Mtaani kina mama wengine nao walikuwa wanapoteza, na watoto wa jirani walilialia na matumbo, lakini kila nyumba ilibeba msiba wake peke yake na kumtafuta mchawi wake yenyewe. Kwetu mchawi alipatikana upesi. Mashangazi walisema mama ana kijicho cha huko kwao bara, kwamba tumbo lake halikai kitu, na wakaanza kumtajia baba binti wa watu huko Lindi. Baba hakukubali, lakini hakukataa pia. Nilimsikia mama akilia akiwa anatwanga, na nilijua mchi ule haukuwa na haraka yoyote. Alitwanga ili asisikike.

Mimba ya tatu ilipoingia, sote tulijua ndiyo ya mwisho. Ikikaa, mama anabaki. Isipokaa, anarudi Miteja na mimi ninabaki kwa baba, kwa hao mashangazi.

Basi Ijumaa moja alikuja Mjomba Hemedi, kaka yake mama, ambaye alikuwa mpishi wa Meneja. Alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akakaa barazani, akatuchekesha kwa visa vya wazungu. Siku hiyo alikuwa anasimulia jinsi matumbo yao yalivyo laini. "Memsahibu wangu mwaka ule aliugua, jamani! Kupauka, kujishika tumbo, choo hapati. Akaja daktari wao kutoka Lindi. Unajua alitibu nini? Alitibu bomba!"

Bibi alikuwa anakuna nazi. "Alitibu bomba vipi?"

"Alitoa kisu mfukoni akalikwaruza pale ukutani, akasema hii risasi ndiyo inayomuua mkeo, maji yakikaa humo ndani yanaila. Basi wakalifukua lote, la nyumba nzima, wakaweka la chuma. Memsahibu akapona. Lile la zamani si likakaa nyuma ya jiko langu pale, hata ninyi mkapewa..."

Hakumaliza. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mzima akisikia maneno yake mwenyewe. "Mimi nilidhani ni ugonjwa wa wazungu tu," akasema polepole. "Wallahi, Mama, nilidhani ni ugonjwa wao."

Mbuzi ya kukunia nazi ilisimama. Bibi alimwuliza swali moja tu. "Yakikaa humo ndani, ndiyo yanakuwa mabaya zaidi?"

"Ndivyo alivyosema. Alimwambia memsahibu, hata kama ni kunawa uso, yale ya asubuhi yamwagwe kwanza."

Nilimwona Bibi akitazama kijungu chake pale kilipoangikwa. Hakulia. Alinyanyuka na nazi iliyokunwa mikononi, akachukua jembe, akaenda bombani akaanza kuchimba mchana kweupe, watu wakitoka kuswali alasiri. Baba alimkimbilia. "Mama, unafanya nini?"

"Ninarudisha kitu cha watu. Kalete panga."

Habari ilitembea mtaani haraka kuliko moto wa makuti. Kila mwanamke aliyeisikia, nadhani alihesabu kwanza watoto wake aliowapoteza. Kisha alikwenda kuchukua jembe. Wavuvi waliikata risasi kwa mapanga, vipande vya kubebeka, na wanawake wakaweka ngata vichwani. Jioni ile sikusikia soga yoyote. Tuliipanda njia yetu ya zamani kimya kabisa, na ndiyo siku pekee wanawake wa kwetu walipopanda kilima kile kama wanaokwenda mazikoni. Mjomba Hemedi ndiye aliyefungua lango la waya, akijua analofungua.

Vile vipande walivitua barazani kwa Meneja kimoja kimoja. Vilipoanguka havikulia kama chuma. Vilitoa sauti butu, kama mtu anayepigwa mgongoni. Meneja alitoka na leso ya kulia chakula bado imening'inia shingoni. Aliongea sana. Mjomba alitafsiri maneno machache tu, kwamba bomba lilikuwa zima, kwamba mtaani watu wamezoea mengi, na kwamba hakuna aliyelazimishwa kunywa.

"Mwulize," alisema Bibi, "mkewe je, alilazimishwa?"

Mjomba aliuliza. Memsahibu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, niliuona mkono wake. Bibi akakaa chini, palepale kwenye ngazi, na wanawake wote wakakaa. Asubuhi wanaume hawakwenda kukata mkonge. Waya wa chemchemi ulikatwa na mtu ambaye mpaka leo hatumjui, na sisi tuliteka maji tukinywa mbele ya macho ya Meneja. Shamba lilipoanza kukosa mikono ya kazi ndipo mabomba ya chuma yalipopatikana, na mtaro tukauchimba wenyewe, kila nyumba kipande chake, na fundi wa kuunga mabomba tukamlisha sisi. Mjomba Hemedi alifukuzwa kazi siku ileile aliyofungua lango. Alikuwa akisema ndilo lango bora alilowahi kufungua, lakini alilisema akiwa na njaa.

Mama alipelekwa Miteja kwa baba yake, kwenye kisima cha udongo, akae huko mpaka ajifungue. Kabla hajaondoka, Bibi alimpigia magoti, mama mkwe kwa mkaza mwana, jambo ambalo kwetu halionekani. "Nisamehe, mwanangu. Ni mkono wangu." Mama alimwinua wakalia wote wawili, na mashangazi walikuwepo, wakatazama ukuta. Mdogo wangu Mbwana alizaliwa hai, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Alikuwa mzito wa kusoma maisha yake yote. Sijui kama ni risasi au ni yeye tu, na kutojua huko nako nimemwandikia Meneja deni.

Bibi alimpigia mama magoti. Bibi mwenyewe hakuna aliyempigia magoti. Aliishi miaka mingi, na kila alfajiri ya miaka hiyo alikwenda kwenye bomba la chuma, ambalo halikuwa na kosa lolote, akafungua koki akaacha maji yamwagike mchangani mpaka aridhike. Watu walimcheka kwamba anapoteza maji. Alikufa akiamini kuwa wajukuu wake wawili waliuawa na kijungu chake.

Mimi siku ya ile sherehe niliona jambo moja nikalielewa vibaya. Niliona kwamba Meneja aliijaza bilauri, akaiinua, akatabasamu, na hakuonja hata funda moja. Nilidhani ni adabu. Nilijisemea, kumbe wazungu nao wanajua kumtanguliza mgeni. Nililibeba hilo mpaka nikawa mke wa mtu, na siku moja nikiwa naosha bilauri, nikiwa na mimba yangu mwenyewe, mikono ilinisimama ndani ya maji.

Wapo wanaoniambia nimwache marehemu apumzike. Mzungu gani wa enzi zile alikunywa maji yasiyochemshwa? Pengine alisahau lile bomba limetoka wapi, pengine hakuwa na nia mbaya. Sawa. Lakini bilauri ilikuwa mkononi mwake, mwenye mimba amesimama mbele yake, na mke wake mwenyewe alipona kwa kuyaacha maji yale. Chini pale palikuwa na mchanga mtupu.

Angeyamwaga.