Mnunuzi wa Asali Aliyeogopa Nyuki

Mimi nilianza na ndoo mbili na baiskeli ya kuazima, na leo asali yangu inaliwa mpaka Dar es Salaam. Shule niliishia darasa la nne. Waliosoma wananiletea watoto wao, wananiomba niwaajiri. Mtaani kwetu Isevya wote wananijua. Ambacho hawakukijua ni kwamba kwa miaka ishirini ya biashara hii sikuwahi kusogelea mzinga.

Nyuki mmoja tu akiingia dukani, vidole vilikufa ganzi, koo likabana, moyo ukaenda mbio hata nikadhani ndiyo siku yangu. Nilikwenda kupimwa. Daktari akasema moyo ni mzima kabisa, hana dawa ya kunipa. Chanzo nilikijua mwenyewe. Utotoni nilitupia mzinga jiwe. Mimi nilikimbia, lakini mbuzi wa bibi alikuwa amefungwa kamba pale pale. Kile kilio sijakisahau.

Asali yangu bora ilitoka kwa kikundi cha wafuga nyuki karibu na Kigwa. Kiongozi wao ni mama mmoja wa Kigogo aliyeolewa huko. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, tangu babu zetu walipokatiza kwao na mizigo ya pembe za ndovu kuelekea pwani, wakitozwa hongo, ule ushuru wa kupita, hata kwa maji ya kunywa. Mtani anakwambia lolote, na huna ruhusa ya kununa.

Msimu ule nilionja ndoo yao moja, nikatangaza mbele ya wateja kwamba imetiwa sukari. Maneno yalifika Kigwa kabla sijafunga duka. Asubuhi simu ikalia.

"Mtani, eti asali yetu ina sukari?"

"Nimeonja mwenyewe."

"Basi Jumamosi jioni tunarina. Njoo usimame mzingani utuonyeshe sukari inaingilia wapi. Usipokuja, asali yote ya kikundi inakwenda kwa yule mnunuzi wa Igunga. Yeye huwa anakuja."

Asali ile ndiyo iliyonipa jina. Nikaenda. Na kwa kuwa nakwenda ugenini, nilivaa shati la pasi, nikajipaka marashi ya udi shingoni na kwapani, kama mtu wa mjini anayejiheshimu. Wakanivalisha ovaroli na kofia ya wavu. Hatukuwa tumefika hata karibu na mzinga, nyuki wakawapita watu wote wakanijia mimi. Wavu ukawa mweusi. Nilikimbia mpaka kwenye gari, nikapandisha vioo, nikawa nahema kama niliyetolewa majini.

Mtani wangu akaja kugonga kioo, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Jamani, huyu amekuja kurina au kuoa? Nani anakwenda kwa nyuki ananukia hivi? Nyuki hawataki manukato! Kaoge kwa maji matupu, urudi."

"Moyo utasimama, mtani. Nitakufa."

"Ukifa nitakuja msibani kuwachekesha wanao. Babu zako walilipa hongo wakapita. Hongo yako wewe ni kusimama pale."

Nikiwa bafuni kwake, najisugua kwa maji ya baridi, nikaanza kujiuliza jambo. Hivi nisipokimbia, kinafuata nini? Maisha yangu yote nimekuwa kama mtu anayetoka uwanjani kabla ya mapumziko, halafu anawasimulia wenzake matokeo. Matokeo hayo niliyajulia wapi?

Nikarudi. Yeye mbele na bomba la kufukizia nyuki moshi, mimi nyuma. Vidole vikafa ganzi. Nikasema kimoyomoyo, haya, vidole nimeviona, nani anafuata? Koo likabana. Kisha moyo, mbio zile zile. Nikasubiri cha nne. Nilikisubiri kweli, kwa hamu, kama mtu anayengoja mgeni ambaye amesikia tu habari zake. Hakikuja. Jasho lilinilowesha, basi. Moyo ulikimbia ukachoka wenyewe. Baada ya kitambo hofu ikapanda tena, safari hii mpaka kifuani tu. Mara ya tatu ikawa ndogo, nikaidharau kidogo. Hii ndiyo iliyonifukuza miaka yote?

Ndipo nikapata nafasi ya kutazama. Sikujua kwamba masega yanafunikwa kwa nta nyeupe namna ile, wala kwamba nyuki wanapandana bila kugombana. Nikainama bila kuambiwa. Mtani akakata kipande, akanipitishia chini ya wavu. Utamu ulikuwa ule ule niliouita sukari.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Ule mti pale." Akaonyesha mti wenye maua madogo nisioujua hata jina. "Mizinga hii tuliihamishia huku mwaka huu. Ungeuliza, ungeambiwa."

"Nimekosea," nikasema.

"Kwa sauti, mtani. Wenzangu wako kule nyuma, na wewe ulitangaza mbele ya watu."

Nikawageukia wanakikundi, nyuki wakitambaa kwenye wavu mbele ya macho yangu, nikapaza sauti kwamba asali yao haina sukari, na kwamba Jumatatu nitayasema hayo hayo dukani, mbele ya wateja wale wale.

"Haya," akasema mtani, "acha hotuba. Shika ndoo."