Jiwe Lenye Masizi

Ninyi vijana mnaopiga picha kwa ukuta wa kanisa la mlimani, sikieni. Jana wajukuu waliniletea jiko la gesi, wakang'oa mafiga yangu wakayatupa nje kwa mvua. Harufu ya masizi yaliyoloa ikanirudisha kwa ile njia ya kupanda huku mlimani, nikiwa mtoto.

Siku ya hija, kila nyumba ilipeleka jiwe moja la kujenga kanisa. Baba aliahidi kutoa letu mtoni, akaenda kulewa. Asubuhi aling'oa figa moja la jikoni. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, kwa hivyo nikabebeshwa mimi, kamba kwa paji la uso. Mvua ikanyesha, masizi yakateremka kwa nguo yangu nyeupe.

"Wewe mtoto, kwenu mtapikia wapi leo?" mwanamke mmoja akauliza nyuma yetu. Mstari wote ukacheka. Kwetu, mafiga yanang'olewa nyumba ikivunjika, mume na mke wakiachana.

Mama hakugeuka. "Tembea," akaniambia.

Fundi alilipanga jiwe letu karibu na mlango wa kanisa, upande mweusi nje. Mpaka leo nikipita hapo ninaangalia chini.

Basi jana nikawaambia wajukuu, "Rudisheni mawe yote matatu mlipoyatoa. Hiyo gesi itakaa sebuleni."